Historia iliyo mlangoni petu: Tuwafundishe vipi vijana wetu wa sekondari?

Na Mwalimu wa Historia, Dar es Salaam

Leo, ndugu msomaji, naomba tuliweke kando kidogo suala la nani kapata divisheni gani na nani kaenda shule gani, tujiulize swali moja. Je, kijana wetu anayemaliza kidato cha nne anajua alikotoka?

Simaanishi kama anajua Bismarck aliitisha mkutano Berlin mwaka gani. Hilo analijua, kwa sababu linaulizwa kwenye mtihani. Namaanisha kama anajua nani alichimba kisima cha mtaa anaoishi, nani alitoa kiwanja cha msikiti anaoswali, na kwa nini barabara anayopanda daladala kila siku imepewa jina la mwanamke. Wengi hawajui. Na kabla hatujawalaumu wao, hebu tujitazame sisi tunaowafundisha. Mimi naanza na nafsi yangu.

Barua iliyokuwa darini

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nafundisha kidato cha tatu katika shule moja ya hapa jijini. Siku hiyo mada ilikuwa jamii zetu kabla ya ukoloni. Nikasimama mbele ya darasa, nikasema kama nami nilivyoambiwa nilipokuwa mwanafunzi, kwamba wazee wetu hawakuwa na maandishi, kila kitu kilikuwa cha kuhifadhiwa kichwani, na kwamba kalamu na karatasi tuliletewa na Wazungu. Wanafunzi wakaandika. Kengele ikalia, nikatoka.

Kesho yake binti mmoja, mpole asiyependa kunyoosha mkono, alinifuata nje ya ofisi ya walimu akiwa na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na karatasi kuukuu, imekunjwa mara nne, kingo zimeliwa na mchwa. Akaniambia, "Mwalimu, shikamoo. Bibi amesema tafadhali uitazame hii. Ilikuwa darini kwetu."

Nikaifungua. Herufi za Kiarabu. Nami ni mtoto wa madrasa, nilihitimu msahafu kabla sijavaa suruali ndefu, nikaanza kuisoma kwa sauti nikitarajia Kiarabu nisichokielewa. Baada ya maneno mawili matatu nikasita. Kilikuwa Kiswahili! Minazi. Kisima. Mpaka wa mashariki. Wakfu. Majina ya mashahidi wanne chini. Ilikuwa hati ya babu wa babu yake, akitoa sehemu ya shamba lake la minazi pamoja na kisima kilichomo kuwa wakfu kwa ajili ya msikiti wa mtaa.

Familia yote ilidhani ile karatasi ni hirizi. Waliiheshimu, waliifukizia ubani, lakini hakuna aliyeweza kuisoma. Na katika miaka hiyo ya kutoisoma, lile shamba liligawanywa na kuuzwa kipande kipande na ndugu ambao, namdhania kheri kila mmoja wao, hawakujua wanauza kitu ambacho si chao. Kisima kilifukiwa, juu yake ikajengwa nyumba ya kupangisha.

Yule binti alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, walikuwa wanaandika?" Nikamjibu ndiyo. Akafikiri kidogo, akauliza tena, "Sasa kwenye mtihani niandike lipi?"

Ndugu msomaji, nilimwambia aandike lile nililofundisha jana. Niliogopa asije akakosa maksi. Jibu hilo limenisumbua kwa miaka mingi, na makala hii ni namna yangu ya kulirekebisha.

Si kwamba hatukuwa na historia

Hebu tuyapitie machache ambayo mwalimu yeyote wa sekondari angeweza kuyaweka mbele ya darasa lake bila kutumia hata shilingi moja.

Kizimkazi, kusini mwa Unguja, upo msikiti wenye maandishi ya Kikufi yaliyochongwa mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Hiyo ni zaidi ya miaka 900 iliyopita. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, akakutana na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abul Mawahib kwa ukarimu wake. Kilwa ilikuwa ikipiga sarafu zake yenyewe. Sarafu ya sultani huyo imepatikana ndani kabisa ya bara, kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, na sarafu nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mwaka 1505 Wareno wakaja na mizinga, wakauteka mji huo na kuupora. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Tukija kwenye kalamu, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika habari za mila na desturi za Waswahili, kitabu kikachapishwa Ujerumani mwaka 1903, na yeye mwenyewe akawa mwalimu wa Kiswahili Berlin. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilitungiwa utenzi na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Vita vya Majimaji vilitungiwa utenzi na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Watu hawa walikuwa watoto wa madrasa. Walijifunza alifu na bee kwa ajili ya kusoma Qur'an, kisha herufi zile zile wakaandikia mikataba, barua za biashara, tenzi na habari za vita. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimehifadhi mkusanyiko mkubwa wa miswada ya namna hiyo.

Basi ile kauli yangu darasani haikuwa kosa dogo. Nilikuwa nawafuta wazee wa wanafunzi wangu mbele ya macho yao.

Na hapa tusiwalaumu wakoloni peke yao. Uhuru tuliupata mwaka 1961. Barua ile haikuwa mikononi mwa mkoloni, ilikuwa darini kwetu. Dini yetu inaamrisha deni liandikwe na mashahidi washuhudie, na aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inayoeleza jambo hilo, ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'an. Yule mzee alitekeleza. Sisi ndio tulioshindwa kusoma.

Mlango umefunguliwa

Kuna jambo jipya ambalo wazazi wengi hawajalipa uzito. Tangu Januari 2024, mtaala ulioboreshwa umeanza kutumika ukiwa na somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na somo hili linafundishwa kwa Kiswahili mpaka sekondari. Kwa miaka mingi mwanafunzi alilazimika kueleza habari za nyanyake kwa Kiingereza, akakosa maneno, akaishia kukariri. Sasa kizuizi hicho kimeondoka.

Lakini somo jipya likifundishwa kwa mtindo wa zamani, wa mwalimu kuandika ubaoni na wanafunzi kunakili, tutakuwa tumebadili jalada tu. Kitabu cha kiada kinaandikwa kwa ajili ya nchi nzima. Hakiwezi kutaja kisima cha mtaa wako wala mzee wa mtaa wako. Hiyo ni kazi ya mwalimu, mzazi na wazee wa eneo husika.

Elimu ya sanad tunayo, tuitumie

Hoja inayotolewa mara kwa mara ni kwamba masimulizi ya wazee hayaaminiki. Wazee husahau, huongeza chumvi, huchanganya miaka. Hilo ni kweli. Lakini je, Waislamu si ndio tulioachiwa elimu nzima ya kupima masimulizi?

Wanazuoni wa Hadithi hawakukubali kauli kwa sababu tu ni tamu. Walitazama sanad, yaani mnyororo wa wapokezi. Fulani kasikia kwa nani, naye kasikia kwa nani, je waliwahi kukutana, je kumbukumbu yake ilikuwa nzuri, je alikuwa mkweli? Kisha wakatazama matini, yaani maneno yenyewe, kama yanapingana na yaliyothibiti zaidi. Na Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatutaka tuhakikishe habari kabla ya kuifanyia kazi. Kijana aliyesoma madrasa anayajua haya. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba silaha hiyo hiyo anaweza kuitumia darasani.

Nitoe mfano. Mwanafunzi anarudi kutoka kwa mzee wa asili ya Kilwa, ameandika kwamba babu wa mzee huyo alinyongwa na Wajerumani mwaka 1895 kwenye vita vya Majimaji. Mwalimu mvivu ataweka alama ya kosa, kwa kuwa Majimaji ilianza 1905. Mwalimu makini atauliza: je, mzee alitaja mahali? Kama alitaja Mwembe Kinyonga pale Kilwa Kivinje, basi huenda anazungumzia tukio jingine kabisa. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya na wenzake huko Kilwa, miaka kumi kabla ya Majimaji. Mzee hakudanganya. Vita viwili vimeungana katika kumbukumbu ya familia. Mwanafunzi anarudi kwa adabu, anauliza tena, "Babu, aliyekuwa kiongozi wao ni nani?" Hapo ndipo elimu inapopatikana.

Na wakati mwingine masimulizi ya wazee huja kuthibitishwa na maabara. Kwa muda mrefu habari za Washirazi waliooa katika miji ya pwani, zilizomo pia katika tarehe ya kale ya Kilwa iliyoandikwa karne ya 16, zilichukuliwa na wasomi wengi kuwa ngano. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa zamani katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania. Ilionekana kwamba kuanzia kama mwaka 1000 hivi palikuwa na mchanganyiko. Upande wa akina mama ulikuwa karibu wote wa Kiafrika, na upande wa akina baba ulikuwa na sehemu kubwa yenye asili ya Uajemi. Hivyo aliyesema sisi ni wageni tupu alikosea, na aliyesema habari za Washirazi ni uzushi mtupu naye alikosea. Mama zetu walikuwa wenyeji wa ardhi hii. Huu ni mjadala ambao darasa la vijana wa miaka 16 wanaweza kuufanya vizuri sana, tena kwa utulivu kuliko watu wazima.

Somo la wiki nane

Sasa nieleze namna ninavyolifanya somo hili. Ninatumia kipindi kimoja kwa wiki, kwa wiki nane. Si mtindo niliousomea chuoni. Nimeupata kwa kukosea na kusahihisha.

Wiki ya kwanza wanafunzi wanachora ramani ya eneo linalozunguka shule, kwa mwendo wa robo saa kwa miguu kila upande. Wanaweka misikiti, makanisa, visima, makaburi, miti mikubwa, masoko na majina ya mitaa. Kila jina wanaliwekea alama ya kuuliza. Kariakoo, kwa mfano, imetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps. Watoto wanaonunua viatu Kariakoo kila Idi hawajui kwamba wanatamka jina la watu waliobebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao.

Wiki ya pili kila mmoja analeta kitu kimoja cha nyumbani, au picha yake kama ni cha thamani: kibuyu, kanga ya zamani, cheti, kitambulisho, barua. Anaeleza kilikuwa cha nani na kimefikaje kwake. Hapo ndipo karatasi za darini hujitokeza.

Wiki ya tatu na ya nne wanakwenda kwa wazee, wawili wawili. Daftari lina safu tatu: amesema nini, amekipata kwa nani, alikuwepo au alihadithiwa. Adabu ni sehemu ya somo. Wanabisha hodi, wanaamkia, wanaomba ruhusa, wanauliza kama wanaweza kurekodi kwa simu, na mzee akisema jambo hili lisiandikwe, haliandikwi. Ninasisitiza pia kwamba nusu ya wazee hao wawe akina bibi. Tukienda kwa wanaume tu, tutapata habari za vyeo na vita, tutakosa habari za ndoa, njaa, ngoma, uzazi na masoko.

Wiki ya tano tunalinganisha. Masimulizi mawili ya tukio moja tunayaweka sambamba ubaoni, pamoja na kitabu. Wapi yanakubaliana? Wapi yanapishana? Nani alikuwa karibu zaidi na tukio?

Wiki ya sita ni ziara. Kwa shule za Dar es Salaam hatuna udhuru. Kunduchi kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China. Kaole, karibu na Bagamoyo, ni safari ya siku moja. Hata kutembea katikati ya mji kunatosha. Jengo la Boma ya Kale lilijengwa zama za Sultani Majid, aliyeanza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860. Sanamu ya Askari iliwekwa mwaka 1927 pale ilipokuwa sanamu ya Mjerumani Wissmann, aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri. Simamisha wanafunzi pale na uwaulize: kila aliyetawala mji huu alitaka watu wamkumbuke nani?

Wiki ya saba wanaandika, kurasa tatu tu, kwa Kiswahili safi, na kila jambo limetajwa limetoka kwa nani.

Wiki ya nane ndiyo muhimu kuliko zote. Wazee wanaalikwa shuleni, wanaketishwa viti vya mbele, na wanafunzi wanawasomea walichoandika. Wazee wanasahihisha. Mara moja bibi mmoja alisimama, akamwambia mjukuu wake mbele ya watu wote, "Hapo umeandika nilikimbia njaa. Mimi sikukimbia. Nilitumwa kutafuta chakula, nikarudi nacho." Sentensi ile ikafutwa, ikaandikwa upya. Nakala moja inabaki maktaba ya shule, nyingine anapewa mzee.

Tusiyaogope yanayouma

Mtu atasema, ukiwapeleka watoto kuchimba habari za zamani, watachimbua na visivyopendeza. Ni kweli. Mwaka mmoja, katikati ya somo, kijana mmoja alimwambia mwenzake mwenye asili ya Kiarabu, "Babu yako alimuuza babu yangu." Darasa likanyamaza. Yule mwingine macho yakawa mekundu.

Ningeweza kubadili mada. Sikubadili. Nikawaambia kwamba biashara ya watumwa ilikuwepo katika pwani hii, Waislamu wamo walioifanya, na hakuna faida ya kuficha. Surat an-Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie uadilifu na kushuhudia ukweli hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Anayeifahamu aya hiyo hawezi kuwa na historia ya kujisifu tu.

Lakini uadilifu huo huo unadai tuseme habari yote. Tuseme pia kwamba mwaka 1776 Mfaransa aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa ili apate watumwa wa mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Tuseme kwamba wapo machifu na wafanyabiashara wa bara walioshiriki. Tuseme kwamba soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 zama za Sultani Barghash kwa shinikizo la Waingereza, kwamba utumwa wenyewe ulipigwa marufuku kisheria kule mwaka 1897, na kwamba huku Tanganyika sheria ya kuufuta ilipatikana mwaka 1922 tu, baada ya Wajerumani kutawala miaka zaidi ya 25 bila kuumaliza. Hakuna upande unaotoka msafi kabisa. Na hakuna mtoto aliyeketi darasani leo anayebeba dhambi ya babu yake.

Baada ya kipindi wale vijana wawili walikaa pamoja. Ikaja kubainika, kwa daftari zao wenyewe, kwamba nyanya wa yule mwenye asili ya Kiarabu alitokana na mama aliyekuwa mtumwa. Alikuwa hajui.

Hali ni hiyo hiyo katika habari za kupigania uhuru. Mzee Sykes Mbuwane, Mzulu kutoka Msumbiji, aliletwa nchini kama askari wa Wissmann kuja kumpiga Abushiri. Mwanawe, Kleist Sykes, akawa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Wajukuu zake, Abdulwahid na nduguze, wakawa mstari wa mbele katika harakati zilizozaa TANU mwaka 1954. Ukoo mmoja, vizazi vitatu. Nani atasema historia ni nyeusi na nyeupe? Na habari hizo tunazo kwa sababu binti wa Abdulwahid, Daisy Sykes, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika maisha ya babu yake Kleist kwa kutumia karatasi za familia, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1973 katika kitabu kilichohaririwa na John Iliffe. Mwanafunzi, karatasi za nyumbani, na mwalimu aliyemwambia andika. Hakuna kingine kilichohitajika.

Chuo hicho hicho mwaka 1968 kiliwatuma wanafunzi wake kwenda kuwahoji wazee waliokumbuka Majimaji. Wazee wale wote wametangulia mbele ya haki. Lau vijana wale wangesubiri miaka 20, tungebaki na ripoti za maofisa wa Kijerumani peke yake. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea kuomba msamaha kwa vita ile, vizazi vya waliouawa walijua wanaombwa msamaha wa nini, kwa kuwa palikuwa na waliosimulia na waliosikiliza.

Udhuru wetu na wajibu wetu

Walimu wenzangu wataniambia vipindi havitoshi na mtihani unasubiri. Naelewa, nami nipo humo humo. Lakini mada za vyanzo vya historia, jamii za kabla ya ukoloni, upinzani dhidi ya ukoloni na harakati za uhuru zimo kwenye somo. Sisemi tuongeze mada. Nasema tuzifundishe kwa kutumia mifano ya hapa petu. Mwanafunzi aliyemsikiliza bibi yake akimweleza Bibi Titi Mohamed, jinsi alivyotoka kwenye vikundi vya ngoma vya akina mama akawaingiza wanawake TANU kuanzia mwaka 1955, hatahitaji kukariri nafasi ya wanawake katika kupigania uhuru. Na siku akipita Barabara ya Bibi Titi atalisoma jina lile kwa jicho jingine.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kabla hujachoma karatasi za marehemu, mpe mtu anayejua kusoma herufi za Kiarabu azitazame. Kabla hujabomoa nyumba ya urithi, piga picha. Mtoto akija na daftari, mpeleke kwa babu yake wikiendi hii, usingoje Idi.

Kwa walimu wa madrasa na kamati za misikiti nina ombi moja. Watoto mnaowafundisha wanajua herufi. Wafundisheni pia kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo. Ni kazi ya miezi michache tu, maana lugha wanayo na herufi wanazo. Kisha kila msikiti uandike habari zake: nani alitoa kiwanja, mwaka gani, mashahidi ni akina nani. Migogoro mingapi ya viwanja vya wakfu tunaishuhudia kwa sababu tu hati haipo, au ipo na hakuna aisomaye?

Namalizia na yule binti. Sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Bibi yake alifariki mwaka ule ule, kabla sijapata wasaa wa kwenda kumsikiliza. Nilikuwa nikisema wiki ijayo, wiki ijayo. Sikujua mashahidi wale wanne walikuwa akina nani, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Swali lake bado liko nami: kwenye mtihani niandike lipi? Leo, mwanafunzi yeyote akiniuliza, namjibu hivi: andika lililo kweli, kisha andika umelipata kwa nani. Msahihishaji muadilifu atakupa maksi zako.

Wabillahi tawfiq.